Wanywaji Hutafutana, Wakristu Je?

Majira ya mvua yaliyopita tulimzika baba mmoja wa komini ya Kikula, hapa kwetu Likasi. Jina lake hatulitaji, kwa kuwa mjane na watoto wake wako hai, nao wastahili heshima. Pale makaburini watu walisema maneno yale yasemwayo siku zote: pombe imemwua. Sisi tuliosimama nyuma tulinyamaza, maana udongo ulikuwa ukirudishwa, na pale si mahali pa kubishana. Lakini miezi imepita na maneno yale yangali yakituwasha. Leo twataka kuyajibu, hata kama wengine watachukizwa.

Baba yule alikuwa amekaa siku 91 bila kugusa pombe. Wiki saba alikuwa mikononi mwa madaktari, mbali na nyumbani. Ndugu zake waliuza baiskeli na cherehani ili kulipa matunzo. Alirudi mwili umenawiri kidogo, macho safi, mikono haitetemeki. Dominika ya kwanza aliingia kanisani na shati lililopigwa pasi, na baada ya Misa watu walimshika mkono mlangoni, kila mmoja akimshukuru Mungu kwa sauti. Juma lile alipata wageni kumi na mmoja. Tumewahesabu baadaye, tukikaa na mjane wake. Mama wawili wa Lejio ya Maria walifika Jumanne saa kumi. Wanaume wawili wa shirika lake walifika Jumanne ile ile, saa ile ile, wakabanana wote juu ya benchi moja, kwa maana hakuna aliyejua kwamba wengine watakuja. Karitasi ilileta unga. Wanakwaya walileta sabuni na wimbo. Juma la pili walikuja watu wanne. Juma la tatu alikuja mmoja, naye alikuja kuuliza mchango wa paa la kanisa. Juma la nne na la tano hakuja mtu.

Juma la sita, Jumamosi, siku ambayo wengi walikuwa wamepokea mishahara, baba yule alikuwa amekaa peke yake mlangoni. Mkewe alikuwa sokoni. Ndipo wakaja wale aliokunywa nao zamani. Wao hawakuwa wamesahau njia ya kwake. Walimwuliza habari za ugonjwa, wakamwambia wamemkosa, wakamwambia mahali pake pale kwenye lutuku bado pako wazi. Asubuhi ya Jumanne alikutwa mtaroni, mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha.

Na sisi tunaoandika haya tulikuwa katika wale kumi na mmoja wa juma la kwanza.

Basi, ndugu Wakristu, tazameni jambo hili bila kujificha. Nyumba ya lutuku ina utaratibu kuliko parokia. Mnywaji akikosekana siku mbili, wenzake huuliza: yuko wapi? Ameugua? Hana fedha? Wakisikia hana fedha, huchanga. Wakisikia ameugua, hutuma mtu. Wanajua siku yake ya mshahara, wanajua saa anayotoka kazini, wanajua anapita njia gani. Nasi? Mkristu aweza kukosa Misa miezi miwili, na mtu wa kwanza kujua ni mwenye kukusanya zaka. Twaimba kwamba sisi ni mwili mmoja, lakini mkono wetu hauna habari mguu uko wapi. Twasema hivi kwa uchungu, si kwa dharau.

Wako watakaojibu kwamba zamani haikuwa hivi. Ni kweli kwamba zamani mtu wa Likasi alikuwa na mwenye kumhesabu, lakini huyo hakuwa parokia. Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, iliwaweka wazee wetu katika kambi, ikawapa nyumba, posho, shule na dawa. Hatuwaambii kwamba kambi ilikuwa paradiso. Wazee waliolala humo wajua wenyewe. Mwaka 1967 mali ile iliingia mikononi mwa serikali, na baadaye kampuni ikaitwa Gécamines, lakini jambo moja halikubadilika: mfanyakazi aliyekosa zamu aliulizwa siku ile ile. Kisha kazi ikaanguka. Mwaka 1986 kampuni ilitoa tani zaidi ya 400,000 za shaba. Mwaka 1994 hazikufika 50,000. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipokea fedha za kuondoka kazini, zilizotoka Benki ya Dunia, na wengi wao walikuwa hawajaona mshahara miezi mingi. Marehemu wetu alikuwa mmoja wao. Walipotia saini hawakuachana na mshahara tu. Waliachana na mwenye kuwahesabu, na mahali pake hapakuingia mtu. Nyumba ya lutuku ndiyo iliyoingia.

Wana wao wamekwenda kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo. Huko pombe kali iko karibu, bangi iko karibu, na vidonge vya kutuliza maumivu, ambavyo daktari humpa mtu aliyepasuliwa, kijana huvila ili asisikie uzito wa gunia. Mwaka 2021 huko Kinshasa kulizuka ulevi wa unga uitwao bombe, unaotokana na kichujio cha moshi wa magari, na polisi wakakamata watu, wenye kuuza na wenye kuvuta. Magazeti yalieleza sana habari za kukamatwa. Kuhusu mama aliyempokea mwanawe alipofunguliwa, hatukusoma hata mstari mmoja. Ni ugonjwa wetu sote, nao si wa Likasi peke yake: twapenda siku ya tukio, siku zinazofuata zatuchosha.

Hapa hatuna budi kusema neno juu ya wale wanaosema kwamba mlevi amelogwa, au amekaliwa na pepo, na dawa yake ni kufungwa mnyororo katika nyumba ya maombi hadi pepo achoke. Twajua nyumba za namna hiyo. Twajua pia Wakatoliki wanaopeleka ndugu zao huko usiku, na asubuhi wanakuja kukomunika. Sikilizeni. Mtu aliyekunywa lutuku kila siku kwa miaka, akizuiwa kwa ghafla, hutokwa jasho, mikono humtetemeka, usingizi humkimbia. Mnamo siku mbili tatu aweza kushikwa na degedege kama mwenye kifafa, akaona wadudu ukutani wasiokuwapo, akapiga kelele, na akikosa matunzo aweza kufa. Nabii humtazama na kusema: mnaona? Pepo anatoka! Siyo pepo. Ni mwili uliozoea sumu na sasa umeikosa. Wauguzi wanajua la kufanya: ziko dawa za kuutuliza mwili polepole, na vitamini B1 ya kuulinda ubongo, na maji, na jicho la mtu usiku. Mwenye kumfunga mnyororo mtu wa namna hii asijidai kwamba anamwombea. Na baba wa familia anayemfungia mwanawe chumbani siku tatu bila daktari, hata kwa mapenzi, anacheza na uhai wake.

Kwa hiyo siku za kwanza ni za hospitali. Kanisa letu halina sababu ya kuona haya juu ya hilo. Ndugu wa Mapendo, shirika lililoanzishwa na Padri Triest huko Ubelgiji mwaka 1807, wamewatunza wagonjwa wa akili kwa zaidi ya miaka mia mbili, na Lubumbashi wanayo nyumba yenye jina la Daktari Guislain, yule aliyefanya kazi pamoja nao huko Ghent katika karne ya 19. Kutoka Likasi hadi Lubumbashi ni kilomita kama 120. Njia ipo. Hatusemi kwamba fedha ipo. Lakini hata fedha ikipatikana, hata mgonjwa akitunzwa vema kabisa, hospitali humrudisha nyumbani. Hapo ndipo kazi ya madaktari inapokoma na yetu inapoanza, na hapo ndipo tunapokwenda kulala.

Wengine watasema: mwenye nia ataacha mwenyewe, asiye na nia hata mkimfanyia nini ni bure. Maneno haya twayasikia hata midomoni mwa watu wema, na mara nyingine wanamleta Matt Talbot awe shahidi wao. Basi tumtazame Matt Talbot. Alikuwa kibarua wa Dublin, mlevi tangu ujana. Mwaka 1884, akiwa na miaka 28, alisimama nje ya kilabu bila senti, wenzake aliowanunulia mara nyingi wakampita bila kumnunulia. Akarudi nyumbani kwa mama yake, kisha akaenda kwa padri, akaweka ahadi ya kuacha pombe. Hakuahidi maisha yote siku ile. Aliahidi miezi mitatu. Kisha akarudia, kisha akaahidi daima, akakaa bila pombe miaka 41 hadi alipofariki njiani akienda Misa mwaka 1925. Mwaka 1975 Papa Paulo wa Sita alimtangaza kuwa Mheshimiwa Mtumishi wa Mungu. Nia alikuwa nayo, hakuna anayekana. Lakini tazameni vitu vilivyoizunguka nia ile: mama nyumbani, padri wa kumwungamia, Misa ya alfajiri kila siku, vyama vya ibada alivyohudhuria, na desturi ya kutembea bila fedha mfukoni ili asije akapita mlangoni mwa kilabu akiwa na kitu cha kutoa. Ondoeni vyote hivyo, mkamweke Talbot peke yake mlangoni Kikula siku ya mshahara, halafu mje mtuambie habari za nia.

Au nendeni Akron, huko Marekani. Mwaka 1935 wanywaji wawili, Bill Wilson aliyekuwa mtu wa biashara na daktari Robert Smith, waligundua jambo dogo lililobadilisha maisha ya watu wengi sana: mlevi aliyeacha, akimtembelea mlevi mwenzake, hujilinda yeye mwenyewe. Hawakuwa Wakatoliki. Lakini hospitali iliyofungua mlango ilikuwa yetu. Tangu mwaka 1939, katika hospitali ya Mtakatifu Thomas, Sista Ignatia aliwapa vitanda watu ambao hospitali nyingine ziliwafukuza, na waliokwisha kuacha walikuja kukaa nao vitandani. Mgonjwa alipotoka, sista alimpa kitambaa kidogo cha Moyo Mtakatifu wa Yezu, akimwagiza hivi: ukitaka kunywa tena, kwanza uje unirudishie hiki. Mtu asiyefahamu aweza kudhani ni ibada tu. Ilikuwa zaidi ya ibada. Kati ya mtu na glasi ya kwanza sista aliweka safari ya kwenda kwa mtu mwingine, uso kwa uso. Marehemu wetu wa Kikula angeenda kwa nani kurudisha kitambaa? Kwa nani, katika watu kumi na mmoja?

Wala tusidhani mambo haya ni ya wazungu. Pwani, ambako heroini imeharibu vijana wengi, ndugu zetu Waislamu na majirani zao wametutangulia. Malindi, huko Kenya, nyumba iitwayo Omari Project ilifunguliwa mwaka 1995. Zanzibar, tangu kama mwaka 2009, vijana walioacha unga wamefungua nyumba za kukaa pamoja wanaoacha, wakifuata hatua kumi na mbili zile zile zilizotoka Akron, na waongozaji wa nyumba hizo ni watu waliotoka humo humo kwenye unga. Dar es Salaam, hospitali ya Muhimbili ilianza mwaka 2011 kutoa methadoni: mgonjwa hufika kila siku, hunywa dawa yake mbele ya mwuguzi, na asipofika hujulikana kwamba hakufika. Dawa hiyo ni ya heroini, haifai kitu kwa mlevi wa lutuku, tusije tukaikimbilia. Tunachokitaka sisi ni kile kinachoendana nayo, yaani mtu mmoja anayejua leo hii kwamba fulani hakuonekana. Hicho hakihitaji maabara.

Na je, hatuna watu? Hesabuni wenyewe. Mwaka 1961 maaskofu wa Kongo walichagua njia ya kulijenga Kanisa juu ya jumuiya ndogo zilizo hai, hata kabla majirani zetu wa Afrika Mashariki hawajafanya hivyo, na leo kila mtaa wetu una shirika lake. Kuna Lejio ya Maria yenye taratibu zake za kutembelea. Kuna Karitasi. Kuna Mama Wakatoliki, ambao wakiamua jambo huwa. Kuna Kiro na skauti, kuna kwaya tatu zinazogombania saa za mazoezi. Kikula, Panda, Shituru, Likasi yenyewe, hakuna komini isiyo na mikono. Kinachokosekana ni kwamba mikono hiyo ishike jambo moja kwa wakati mmoja. Mwakumbuka yule mwenye kupooza wa Kafarnaumu aliyeteremshwa na watu wanne kupitia paa. Siku zote twahubiriwa juu ya imani yao. Ni vema. Lakini fikirini pia juu ya mkeka: ungalinyanyuka namna gani kama mmoja angalikuja Jumanne, wa pili Alhamisi, wa tatu angalikuwa na mkutano, na wa nne angaliacha ujumbe kwamba anawaombea?

Haya ndiyo tunayoyataka, na tumekwisha kuyasema mbele ya Baba Paroko. Parokia iwe na daftari moja. Mtu mmoja alishike, naye asiwe padri, kwa sababu padri huhamishwa, na daftari likihamishwa pamoja naye tumekwisha. Afadhali mama mmoja mwenye ulimi mfupi. Kila anayerudi kutoka hospitalini, au anayejiamulia kuacha, akikubali yeye mwenyewe, apewe watu wanne: mmoja wa shirika lake, mmoja wa ukoo, mmoja wa chama cha kitume, na mmoja aliyekuwa mnywaji akaacha. Huyu wa nne ndiye nguzo. Sisi tusiopata kulewa twaongea kama watu wanaosimulia bahari bila kuiona. Yeye akimwambia mwenzake, "Najua, saa kumi na moja jioni koo hukauka," huaminiwa. Wapo watu wa namna hiyo Likasi, tena si wachache. Hawajulikani kwa sababu hatujawahi kuwaita isipokuwa kuwapa ushuhuda wa kutuliza kwenye semina.

Wanne hao wagawane siku. Usiku wa Jumamosi, siku za mishahara, siku za kilio na arusi ndizo siku za kuangaliwa kwanza. Ziara ya Jumanne saa kumi, wakati kila mtu ana akili timamu, ni rahisi, nasi tunaipenda kwa sababu ni rahisi. Daftari lionyeshe pia tarehe ya kurudi kwa daktari na vidonge vinakwisha lini, kwa maana tumeona watu waliokosa dawa siku kumi na hakuna aliyeuliza. Na mke wake awe na mtu wake, mbali na wale wanne. Mke wa mlevi amebeba nyumba peke yake miaka kumi. Siku mumewe anaporudi mzima, watu wote humzunguka mume, naye huambiwa tu avumilie, asimkasirishe. Ana hasira, nayo ni haki yake. Awe na mama mwenzake wa kuimwaga kwake.

Na akianguka? Wengi huanguka, si mara moja. Madaktari wanasema hivyo, na walioacha wanasema hivyo. Kwetu desturi ni kwamba akianguka, jina lake lafutwa katika kwaya, anakatazwa kubeba msalaba kwenye maandamano, na wale waliompigia makofi mlangoni sasa hupita upande wa pili wa barabara. Hatusemi dhambi si dhambi. Katekisimu ya mwaka 1992 haifichi neno juu ya ulevi wala juu ya dawa za kulevya. Lakini kitubio kimewekwa kwa ajili ya mwenye kuanguka, na hakuna padri anayemwuliza mtu ameungama mara ngapi ili amfungie mlango. Kwa nini basi jumuiya iwe kali kuliko kiti cha maungamo? Akianguka Jumamosi, wanne wamfuate Jumamosi ile ile, kabla ya Jumanne.

Twajua hofu ya wengine: daftari litageuka kuwa kitabu cha masengenyo. Hofu hiyo ni ya haki, nasi tunaishika kuliko ninyi. Jina lisitangazwe kanisani, hata kwa sifa. Makofi yale ya Dominika ya kwanza yalimwumiza marehemu wetu. Mjane ametuambia kwamba alirudi nyumbani akasema sasa watu wote wananitazama nitaanguka lini. Asiyetaka kuandikwa asiandikwe. Na mwenye daftari akisikika sokoni akisimulia, anyang'anywe siku ile ile, hata akiwa ni dada yake Baba Paroko.

Lipo jambo la mwisho, na hili ndilo litakalotupatia maadui. Twauza bia katika uwanja wa kanisa. Kermesi ya parokia, tangu tulipokuwa watoto, haijulikani kwa keki. Yajulikana kwa makreti. Paa hujengwa kwa chupa, kisha chini ya paa hilo tunahubiri juu ya kiasi. Mkono mmoja wampa mtu rozari, mwingine wamwuzia chupa, na wote wawili ni wa kamati moja. Mwaka jana tuliuliza kwa nini, tukajibiwa kwamba bila bia watu hawaji. Kama ni hivyo basi tusiseme wamekuja kwa parokia. Hatuombi kwamba kila Mkristu aache glasi yake. Bwana Yezu alikwenda arusini Kana, na hatukusudii kuwa wakali kuliko Yeye. Twaomba kwamba katika kiwanja kimoja tu cha mji huu, kiwanja cha kanisa, mtu anayejitahidi kuacha aweze kuingia bila kusikia harufu. Kuna munkoyo mbichi wa asubuhi, kuna chai, kuna maji ya ndimu. Fedha zikipungua, paa litangoja.

Na wale mama wanaopika lutuku? Ni rahisi kuwapigia kelele, na kelele zimepigwa tangu enzi za Wabelgiji bila kuzima moto hata mmoja. Mama yule hulipa karo ya watoto watano kwa pipa lile, mume wake alikuwa kazini na baba tuliyemzika, akatia saini mwaka ule ule. Tanzania ilikataza pombe kali za vifuko vya plastiki, walizoziita viroba, tangu Machi 2017, na sheria ya namna hiyo yafaa, kwa kuwa kifuko hukaa mfukoni mwa mtoto wa shule. Lakini pipa la mama mtaani halizimwi kwa sheria peke yake. Karitasi ikija na kazi nyingine mkononi, tutakuwa na la kusema naye. Kabla ya hapo, tumwombe jambo moja tu, nalo twaamini hatalikataa, maana naye ni Mkristu: fulani na fulani wakija kwako, usiwauzie, tuma mtoto atuite. Wawili wamekwisha kukubali. Mmoja alituuliza kwa nini hatukumwomba mapema, na hatukuwa na jibu.

Daftari limenunuliwa. Ni daftari la shule, kurasa mia moja, jalada la buluu, nalo limefungiwa katika kabati la sakristia. Jina la kwanza limeandikwa kwa kibali cha mwenyewe: kijana wa Shituru, amerudi Dominika iliyopita. Watu wake wanne wamepatikana na siku zimegawanywa. Jumatatu ina mtu, Jumanne ina watu wawili waliong'ang'ania wote, Alhamisi na Ijumaa zina watu. Jumamosi jioni bado haina jina.